Kipimo cha Shilingi 30,000

Kitabu hakikuwa changu. Mke wangu alikiazima kwa mwalimu mwenzake, akakisoma kwa siku nne, kisha akakiweka upande wangu wa kitanda bila kusema neno. Kilikuwa Stay With Me, riwaya ya kwanza ya mwandishi wa Nigeria, Ayọ̀bámi Adébáyọ̀, iliyotoka mwaka 2017. Nilikikuta ukurasa mmoja umekunjwa pembeni. Nyumbani kwetu kukunja kurasa ni kosa, tena za kitabu cha kuazima, kwa hiyo nilijua ule ukurasa umekunjwa makusudi. Ulikuwa katika moja ya sura za mume.

Nilianza kukisoma ndani ya basi kutoka Msamvu kwenda Dar es Salaam, asubuhi tuliyokuwa tunakwenda kliniki kwa mara ya sita. Yeye alikuwa amelala, au amejifanya kulala, kichwa dirishani na bahasha ya kaki mapajani. Ndani ya bahasha mlikuwa na miaka mitatu ya vipimo: vya homoni, vya altrasaundi, vya damu, na picha ya mirija ya uzazi, ile ambayo dawa husukumwa ndani ya mfuko wa uzazi ndipo eksirei ipigwe. Siku ya kipimo hicho alitoka chumbani anatembea ameinama, nami nikamnunulia soda.

Karatasi zote zile zilikuwa na jina lake. Hapakuwa na hata moja yenye jina langu.

Nataka kuizungumzia riwaya hii kama msomaji, lakini siwezi kujifanya niliisoma nikiwa nimekaa mbali nayo. Na kwa kuwa hoja yangu imesimama juu ya siri iliyomo ndani yake, nitaitaja siri hiyo. Asiyetaka kuijua akasome kitabu kwanza, kisha arudi.

*

Yejide na Akin wamependana tangu chuo kikuu. Wameoana na wanaishi Ilesa, kusini-magharibi mwa Nigeria, katika miaka ya 1980, nchi ikitoka mapinduzi ya kijeshi na kuingia mengine. Mke ana saluni, mume ana kazi ya benki. Miaka imepita bila mtoto. Siku moja wazee wa ukoo wanaingia sebuleni na msichana, na Yejide anaelezwa kwa upole mkubwa kwamba huyu, Funmi, ni mke mwenzake.

Kuanzia hapo Yejide anahangaika. Anakwenda mlimani kwa nabii anayesifiwa kwa miujiza, akiwa na mbuzi mweupe asiye na jeraha, na huko juu anafikia kumnyonyesha mbuzi huyo. Anashuka akiamini kwamba ana mimba. Tumbo linakua kweli, miezi inapita, altrasaundi haionyeshi mtoto, naye haamini altrasaundi. Ni sehemu inayochekesha na kutisha kwa pamoja, na ndiyo ambayo kila msomaji huikumbuka. Katika kikundi chetu cha vitabu cha WhatsApp, watu kumi na mmoja waliijadili riwaya hii wiki nzima, na karibu wote walisema hiki ni kitabu kuhusu mila: mama mkwe, uke wenza, manabii, Afrika na kiu yake ya watoto.

Mimi nadhani ni kitabu kuhusu jibu la daktari ambalo mwenye nalo amelificha.

Siri ni kwamba Yejide hana tatizo. Akin ndiye asiyeweza tendo la ndoa. Mkewe aliolewa bikira, hana cha kulinganisha nacho, na Akin ameutumia ugeni wake huo kumdanganya kwamba mambo yako kama yanavyotakiwa kuwa. Uongo unapombana anapanga na mdogo wake, Dotun, afanye kazi ambayo yeye hawezi, bila Yejide kujua kuwa ni mpango. Watoto wanazaliwa. Kisha selimundu inaingia ndani ya nyumba, na mazishi yanaanza.

Ukiisoma mara ya pili ukiwa unajua hayo, mlima unabadilika. Mara ya kwanza ulimwona mwanamke anayetafuta muujiza. Mara ya pili unamwona mwanamke ambaye mumewe amemwacha apande mlima huku anajua kwamba huko hakuna kitu. Nabii ni tapeli wa kawaida, wapo wengi. Aliyefanya jambo zito alibaki nyumbani, amevaa shati la ofisini, anampenda mkewe kwa dhati.

Hapo ndipo ufundi wa Adébáyọ̀ ulipo. Angeweza kumwachia Yejide riwaya nzima, nasi tungemchukia Akin kwa raha zetu. Badala yake amempa Akin sura zake mwenyewe, asimulie kwa nafsi ya kwanza. Na Akin, akisema "mimi" na "mimi", bado anatuficha. Anatuambia jinsi anavyompenda mkewe, jinsi mama yake anavyomsumbua, jinsi anavyoumia. Anakiri madogo ili lile kubwa lisiulizwe. Nilizitambua mbinu hizo mara moja. Nilikuwa nimezitumia.

*

Si kwamba mimi ni Akin. Sikuwa na siri ya kuficha, nami nilijivunia hilo. Nilikuwa mume wa kisasa: nalipia vipimo, naomba ruhusa kazini, nashika mkoba, nakaa kwenye benchi. Shangazi yangu alipopiga simu na kuuliza, "Mwanangu, mbona kimya?", nilimjibu kwamba tunahudhuria hospitali. Neno lile "tunahudhuria" lilinipa raha. Lakini aliyelala kitandani na kupanua miguu mbele ya wageni alikuwa mmoja.

Hakuna daktari aliyenikataza kupima. Hata hivyo ni mmoja tu aliyeniambia, katika ziara ya pili, na kwa sauti ya kupita tu: na baba naye siku moja alete kipimo. Nikasema sawa. Siku moja haikufika, wala hakuna aliyeniuliza tena. Kipimo cha mbegu za kiume, mahali tulipokuwa tunakwenda, kilikuwa shilingi 30,000. Katika bahasha nzima ya kaki hapakuwa na kipimo cha bei hiyo. Hakina sindano wala eksirei. Kinataka chumba chenye komeo na kikopo cha plastiki.

Lugha yetu nayo ilinisaidia kujificha. Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili. Tasa ni mwanamke. Sijawahi kusikia mwanamume akiitwa tasa. Mgumba anaweza kuwa yeyote, na ugumba ndilo neno wanaloandika madaktari. Lakini sikiliza watu wanavyozungumza. Utasa una hadithi, una matusi, una nyimbo za kumsema mtu. Ugumba wa mwanamume hauna hadithi; una tangazo kwenye nguzo ya umeme lenye namba ya simu ya mganga. Tena tangazo lenyewe linataja nguvu za kiume, halitaji mbegu. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote hizo na asiwe na mbegu za kutosha, lakini maneno yetu yamevifunga vitu viwili hivyo katika furushi moja, na mwanamume mwenye nguvu anatembea akijua kwamba hahusiki.

Kisha kuna jina. Mwanamke wa umri wa mke wangu huulizwa "Mama nani?" na dereva wa bajaji, na muuza mboga, na jirani mpya, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza habari za asubuhi. Mimi nikiulizwa jina hutaja jina langu, na maisha yanaendelea.

*

Nikarudi kwenye vitabu vya zamani kuona kama Yejide ana dada. Anao, na wakubwa.

Flora Nwapa alitoa Efuru mwaka 1966, miaka 12 kabla binadamu yeyote hajazaliwa kwa mimba iliyotungwa maabara. Efuru ni mzuri, ni mfanyabiashara hodari, ana mkono wa kutoa. Anapata binti mmoja, Ogonim, na binti anakufa. Baada yake hakuna mwingine. Wanaume wawili wanamwoa na wote wawili wanamvunja moyo. Mwishoni kinachobaki ni Uhamiri, mungu wa kike wa ziwa, anayewapa wanawake aliowachagua uzuri na mali lakini hawapi watoto, kwa sababu yeye mwenyewe hana. Nwapa anaifunga riwaya kwa kujiuliza kwa nini basi wanawake wanamwabudu.

Buchi Emecheta aliliokota swali hilo na mwaka 1979 akaandika riwaya nzima aliyoipa jina la kejeli, The Joys of Motherhood. Nnu Ego anaachwa na mume wa kwanza kwa kukosa mtoto, anapelekwa Lagos kwa mume wa pili, anazaa wengi, anawalea katika ufukara, na anafia kando ya barabara, peke yake. Akishakufa wanamjengea mahali pa tambiko, na wanawake wasio na watoto wanakwenda kumwomba. Hawajibu.

Kuna kitu nilikiona nilipoviweka vitabu hivi vitatu mezani. Efuru ana fedha. Yejide ana fedha. Nnu Ego ni maskini, lakini ugumba wake hupita kabla umaskini haujashika kasi. Waandishi wetu wakubwa wa jambo hili, wote watatu wakiwa na huruma na akili ambazo mimi sina, wamempa ukosefu wa mtoto mwanamke ambaye hakosi kingine. Naelewa sababu ya kiufundi. Ukitaka jambo moja lionekane, unaondoa mengine kwenye meza. Lakini matokeo yake ni kwamba katika kurasa hizi hakuna anayeuza ng'ombe ili alipie kipimo. Hakuna anayechagua kati ya ada ya mdogo wake na sindano za homoni. Yejide anakwenda kwa daktari kama mtu anayekwenda dukani, bili haionekani. Mlima una rangi, una nyimbo, una mbuzi. Hospitali imepauka, unaipita upesi.

Hilo ndilo lalamiko langu kwa Adébáyọ̀, na ni lalamiko la mtu aliyekipenda kitabu. Juu ya mlima ule wapo wanawake wengine. Wanatoka wapi? Wangependa kwenda wapi kama wangekuwa na nauli? Riwaya inawaacha pale kama wapambe.

*

Mmoja wao nilikaa naye kwenye benchi siku ile. Alitoka Kilosa. Alinikuta na kitabu, akadhani ninayesoma Kiingereza nitaweza kumsomea na karatasi zake. Alikuwa nazo ndani ya mfuko wa plastiki, zimekunjwa mara nne, za vituo vinne. Kila kituo kilikuwa kimeanza upya: homoni zilezile, altrasaundi ileile, malipo mapya. Katikati mlikuwa na kikaratasi cha dawa za mitishamba za kusafisha kizazi, ambazo zilimgharimu kuliko kipimo chochote. Jibu la mwisho lilikuwa fupi. Mirija yote miwili imeziba.

Alisema aliwahi kuharibikiwa na mimba akiwa na miaka kumi na tisa, akaumwa homa wiki mbili, akapona bila kwenda hospitali. Nilimweleza maana ya karatasi kadiri nilivyoweza. Dada aliyekaa upande wake wa pili akamgeukia kwa upole, ili kuanzisha mazungumzo, akamuuliza, "Mama nani vile?" Akataja jina lake mwenyewe, la kwanza na la baba yake, kama mtu anayejibu mahakamani.

Mirija iliyoziba ina historia ambayo inafaa kukaa kando ya riwaya hizi. Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani wa mimba iliyotungwa nje ya mwili. Mama yake, Lesley Brown, hakuwa na ugonjwa wa ajabu. Mirija yake ilikuwa imeziba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walikuwa wakitafuta njia ya kuizunguka: kama yai haliwezi kupita, lichukuliwe, likutane na mbegu katika maabara, kisha kiinitete kirudishwe tumboni. Leo njia hiyo inatumika kwa matatizo mengi, lakini ilizaliwa kwa ajili ya tatizo la yule mama wa Kilosa. Na uchunguzi mkubwa ambao Shirika la Afya Duniani liliufanya katika nchi nyingi miaka hiyo ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiko ugumba unaotokana na maambukizi ulikozidi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, homa za baada ya uzazi au baada ya mimba kuharibika. Tiba ilibuniwa kwa ugonjwa ambao sisi tunao zaidi ya wengine, kisha ikawekwa bei ambayo sisi hatuna.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 ambayo Yejide anapanda mlima, madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Lagos, Osato Giwa-Osagie na Oladapo Ashiru, walikuwa wanafanya kazi hiyo kwa vifaa vya kuungaunga, na mtoto akazaliwa mwaka 1989. Ilesa hadi Lagos ni safari ya saa chache kwa barabara. Kwetu Afrika Mashariki mambo yalichelewa: Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2004, Kenya mwaka 2006, na wote katika kliniki za binafsi. Makadirio tuliyopewa mimi na mke wangu, kama ingefika huko, yalianzia shilingi milioni 13 kwa jaribio moja, na jaribio moja aghalabu halitoshi. Bima yangu ya kazini haigusi hata vipimo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba mtu 1 kati ya 6 hupata tatizo la ugumba wakati fulani wa maisha yake: asilimia 17.8 katika nchi tajiri, asilimia 16.5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tofauti ya ugonjwa ni ndogo sana, ilhali tofauti ya tiba unaweza kuijaza na bahari. Tukiulizwa kwa nini, jibu limebandikwa ukutani. Kizazi changu kimekua na alama ya Nyota ya Kijani kwenye zahanati, na huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya serikali, jambo jema ambalo limeokoa maisha ya wanawake wengi na ambalo sitaki liguswe. Lakini mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, uliozungumzia afya ya uzazi kwa upana, ulitaja pia kuzuia na kutibu ugumba. Nusu moja ilipata fedha na mabango. Nusu ya pili iliachiwa waganga na manabii. Wanaopanga bajeti za dunia wametujua kama watu wenye watoto wengi mno, na mtu aliyekwisha kuitwa hivyo hawezi kueleweka akisema hana hata mmoja.

Hata bei si amri ya Mungu. Mwaka 2013 kikundi cha Ubelgiji kiitwacho the Walking Egg, kilichoanzishwa na daktari Willem Ombelet, kilitangaza matokeo ya njia rahisi ya kulea viinitete. Badala ya mashine ya gharama kubwa, walitumia chupa ndogo za kioo na kuchanganya asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, na bikaboneti, ile wanayotia waoka keki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya kaboni ambayo kiinitete kinahitaji. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Genk mwaka 2012, na baadaye ikapelekwa Ghana. Dawa za kukuza mayai bado zinanunuliwa, na daktari wa kuyavuna bado anahitajika, kwa hiyo hakuna atakayelipia tiba hii kwa hela ya ndimu. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka nabii wa mlimani na mbuzi wake mweupe, nikaona kwamba muujiza uliokuwa unatafutwa ulikuwa wa kazi ya mikono, na uliwezekana.

*

Mama wa Kilosa aliitwa akaingia. Nilibaki na kitabu kimefunguka mapajani, katika sura ya Akin, na nikakumbuka kwamba katika karatasi zake zote, za vituo vinne, nilizozisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, jina la mume wake halikuwamo. Nilikuwa nimeanza kumhukumu mwanamume huyo nisiyemjua.

Wataalamu wanasema mwanamume ana mkono wake katika karibu nusu ya kesi za ugumba. Maana yake, katika nchi ambayo fedha ni chache kama yetu, kumpima mwanamume kwanza ndiyo njia ya bei nafuu ya kuanza. Tunafanya kinyume chake. Tunaanza na kipimo cha gharama na maumivu, tunarudiarudia, na kile rahisi tunakiacha mwisho, au hatukifanyi kabisa. Tunapozungumza juu ya kufikia tiba, huwa tunahesabu maabara na bei. Sisemi hesabu hiyo si ya kweli; nimeandika aya nzima juu yake. Lakini kati ya mke wangu na tiba palikuwa na kizuizi kimoja cha ziada, nacho kilikuwa kimekaa kwenye benchi kinasoma riwaya. Hilo ndilo Adébáyọ̀ amelisema vizuri kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuisoma. Fedha za Akin zinatosha hospitali yoyote. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kusema sentensi moja mbele ya mke wake.

Niliinuka, nikaenda dirishani, nikalipa shilingi 30,000. Mhudumu aliniuliza jina la mgonjwa. Ilinichukua muda kujibu.

Mbegu zangu ni chache, na nyingi kati ya hizo hazina mwendo. Daktari alieleza kwa utulivu kwamba huenda ni mishipa iliyovimba, huenda si hiyo, kwamba nirudie kipimo baada ya miezi mitatu kwa kuwa mbegu huchukua karibu muda huo kukua, na kwamba kuna mambo ya kujaribu kabla ya kufikiria mamilioni. Mke wangu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa bahasha ya kaki, akaichomeka karatasi yangu juu ya zake, akaifunga. Ndani ya basi hakulala. Tulipopita Mlandizi aliniambia kwamba hana hasira na jibu, ana hasira na miaka mitatu. Sikuwa na la kusema, na safari hii sikujaribu kulitafuta.

Bado nangoja riwaya ya Kiswahili itakayomchukua yule mama wa Kilosa tangu mwanzo, pamoja na nauli yake, mfuko wake wa plastiki, na mwanamume ambaye hayumo kwenye karatasi. Nitataka mwandishi amtendee mwanamume huyo kama Adébáyọ̀ alivyomtendea Akin: ampe sura zake, asimtukane, na asimwache atoke bila kusema.

Wiki iliyopita shangazi alipiga simu. Akauliza kama kawaida yake, mbona kimya. Nikamwambia, "Shangazi, nimepimwa mimi. Tatizo liko kwangu." Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayemfunika mtoto shuka, "Basi hilo usimwambie mtu mwingine, baba."

Kwa miaka mitatu hakuna aliyemfunika mke wangu hivyo. Nikamwambia shangazi ahsante, nikamuaga, nikakaa kuandika makala hii. Mke wangu ndiye aliyeisoma kwanza. Amefuta sentensi mbili, na hajaniambia kwa nini.